Jiwe la Kumi na Tano: Funzo la Bustani za Kijapani



Mjini Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi karne ya 19, ipo bustani isiyopandwa maua, isiyo na mti wa kivuli wala tone la maji. Upana wake ni kiasi cha mita 25 kwa 10, kama kiwanja cha nyumba moja ya kadiri. Ardhi yake imemwagwa changarawe nyeupe na kusawazishwa kwa reki, na juu ya changarawe hiyo yamewekwa mawe 15 kwa mafungu matano. Pembeni umejengwa ukuta mfupi wa udongo uliokandwa kwa mafuta, ambao kwa kupita miaka umetoa mabaka ya hudhurungi. Kijani pekee kilichomo ni ukoga laini ulioshika chini ya mawe, mfano wa ule tuuonao kwenye kuta za visima vya kale. Na hata hivyo, watu hutoka pembe zote za dunia, wakavua viatu vyao, wakaketi kwenye baraza ya mbao na kuitazama kimya kimya.

Aionaye picha yake kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza: bustani yenyewe i wapi? Swali hilo ni la haki, na ndilo tutakalolijibu juma hili. Kwani mtu akishafahamu kwa nini mawe 15 juu ya changarawe yameitwa bustani, na bustani bora, atakuwa amefahamu jambo kubwa kuhusu namna jicho la mwanadamu linavyoshiba na namna linavyoachwa na njaa.

Bustani hii ni ya Ryōan-ji, hekalu la Kibudha lililoasisiwa mwaka 1450, na mwaka 1994 iliingizwa pamoja na majengo mengine ya kale ya Kyoto katika orodha ya urithi wa dunia. Ibada ya wenyewe ni yao, na sisi hatuna shughuli nayo hapa. Tunachokiangalia ni kazi ya mikono na fikra iliyo nyuma yake, kama msafiri anavyoweza kuusifu uchongaji wa mlango wa nyumba ambayo hana haja ya kuingia.

Sasa tuyarudie mawe. Nimesema ni 15. Lakini mtu aketiye barazani, popote atakapoketi, hayaoni yote. Akisogea kulia, jiwe moja hujificha nyuma ya jenziwe; akisogea kushoto, lile hujitokeza na jingine likapotea. Daima humbakia mtazamaji mawe 14, na moja humkosa. Wajapani huuhesabu mwezi mpevu kuwa ni wa usiku wa 15, na kwa ajili hiyo idadi hiyo kwao ni alama ya ukamilifu. Sisi wa pwani tukimsifu mtu kwa uzuri twasema amependeza kama mwezi wa kumi na nne. Basi katika bustani ile jicho hupewa kumi na nne zake, likapendezwa, na jiwe la kumi na tano likabaki kuwa ukumbusho wa kuwa binadamu haoni kila kitu kutoka mahali alipokaa.

Hili si jambo la bahati. Kuficha ni msingi katika ufundi wa bustani za Kijapani, iwe ni bustani ya mawe makavu au ile kubwa yenye ziwa, visiwa na madaraja. Katika bustani ya kutembea, njia haikupitishwa moja kwa moja. Hupinda nyuma ya kilima kidogo, ikapita chini ya matawi, ikakutokeza ghafula mbele ya maji, kisha ikakunyima tena yale maji ili uyatamani. Mwenye kuingia langoni haoni mwisho. Bustani ya ekari moja humchukua mtu saa nzima, kwa sababu kila hatua chache hufunguliwa pazia na kufungwa jingine.

Husimuliwa kisa cha Sen no Rikyū, bingwa wa adabu za kunywa chai aliyeishi kati ya mwaka 1522 na 1591. Alitengeneza bustani huko Sakai, mahali palipoelekea bahari. Wageni walikuja wakitarajia kuiona bahari yote kwa upana wake. Walipofika wakakuta Rikyū ameotesha miti ikaziba kila upande. Wakashangaa, pengine wakanung'unika. Lakini kabla ya kuingia chumba cha chai ilikuwa lazima mgeni ainame kwenye birika la jiwe, ateke maji kwa kata, anawe mikono na kusukutua kinywa. Alipoinama, na mkono ukiwa tayari una maji, hapo ndipo upenyo mdogo baina ya majani ulipomwonyesha bahari iking'aa kwa mbali. Maji ya kiganjani na maji ya bahari vikakutana katika mtazamo mmoja.

Sisi tuliozaliwa pwani, tukaiona bahari kila siku hata hatuioni tena, tukitafakari kisa hiki. Rikyū hakuongeza chochote kwenye bahari. Alichofanya ni kuipunguza, na kwa kuipunguza akairudishia thamani yake.

Njia ya kuendea chumba hicho cha chai nayo ina adabu zake. Imewekwa mawe ya kukanyagia, moja moja, yasiyolingana kwa umbo, ili mtu aangalie anapoweka mguu na apunguze mwendo pasi na kuambiwa. Njia zikigawanyika, mahali pasipotakiwa kupitwa huwekwa kijiwe cha mviringo kilichofungwa kamba nyeusi kama kifurushi. Hapana ubao wa onyo wala seng'enge. Mgeni mwenye adabu akikiona kijiwe kile hugeuka. Mwisho wa njia upo mlango mdogo, urefu wake haufiki hata mita moja, ambao kila aingiaye hana budi ainame na kupita kwa magoti. Askari wa tabaka la samurai aliacha upanga wake nje, kwa kuwa hauwezi kupita naye. Kabla hajapewa chai, tajiri na maskini wameshainama sawasawa. Ustaarabu huu wote umefundishwa na mawe, maji na kipimo cha mlango.

Kitabu cha kale kabisa cha Wajapani juu ya elimu hii chaitwa Sakuteiki. Kiliandikwa katika karne ya 11, na hunasibishwa na Tachibana no Toshitsuna, mwana wa mmoja wa wakuu wa nchi. Katika kitabu hicho, kupanga bustani huanza na kuweka mawe. Fundi hulisimamisha kwanza jiwe kuu, kisha hulitazama na kujiuliza jiwe hilo lataka nini. Mawe yanayofuata huwekwa kwa kuyafuata matakwa ya lile la kwanza. Tena kitabu chaonya kuwa jiwe lililokuwa limelala huko mlimani lisije likasimamishwa bustanini, wala lililosimama lisilazwe. Humo mna pia mikosi na mambo ya ndege mbaya, ambayo sisi tumeyaweka kando. Lakini busara iliyobaki baada ya kuyaondoa hayo ni safi: kabla hujakiamrisha kitu, kitazame kimeumbwaje. Mzazi mwenye watoto wanne, mmoja mpole, mmoja mkali, mmoja mcheshi na mmoja asiyependa maneno, hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Jiwe lililolala likilazimishwa kusimama, huanguka, na likianguka huvunja na mengine.

Na akina mama, ambao kazi ya kufagia huijua kuliko watunzi wa vitabu, watakipenda kisa kingine cha Rikyū, alichokihadithia mwandishi Okakura Kakuzō katika kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu chai. Rikyū alimtazama mwanawe akifagia njia ya bustani na kuimwagia maji. Kijana alipomaliza, baba alimwambia bado hapajatakata. Akarudia kazi kwa muda mrefu, kisha akaja kusema kwamba hakuna tena la kufanya. Vidato vimeoshwa mara tatu, ukoga wang'aa, na chini hapana hata jani moja. Rikyū akamkaripia kuwa hivyo sivyo njia ya bustani ifagiliwavyo. Akaingia mwenyewe, akautikisa mti mmoja, na majani mekundu na ya dhahabu ya msimu ule yakatawanyika juu ya njia iliyosafishwa.

Kisa hiki si ruhusa ya uvivu, na asikitumie kijana yeyote kukwepa ufagio. Angalia mpangilio wake: kwanza usafi ulitimizwa, tena kwa kurudiwa, majani yakaja baadaye. Tofauti ya uchafu na uzuri haikuwa katika majani. Nyumba iliyosafishwa hata ikakataza watoto kucheza na wageni kuketi imefikia mwisho wa usafi ikaupita, na mahali pale pakageuka kuwa duka la maonyesho.

Upo ufundi mwingine ambao Wajapani huuita shakkei, maana yake ni mandhari ya kuazima. Fundi hutazama nje ya mipaka ya kiwanja, akaona mlima au msitu ulio mbali, kisha akaipanga bustani yake hata ule mlima ukawa kama sehemu yake. Katika hekalu la Entsu-ji, kaskazini mwa Kyoto, mahali ambapo katika karne ya 17 palikuwa na nyumba ya mapumziko ya mfalme Go-Mizunoo, ukiketi ndani waona kwanza ukoga na mawe, kisha wigo wa mimea uliokatwa sawa, kisha mashina ya miti yaliyosimama kama nguzo, na baina ya nguzo hizo, kwa mbali, Mlima Hiei wenye urefu wa mita 848. Mlima si mali ya mwenye bustani. Hakuununua wala hakuuzungushia ukuta. Ameuazima kwa macho tu, na wigo wake ameukata kwa urefu unaoficha yale ya katikati asiyoyataka na kuuacha mlima wenyewe.

Lakini kilichoazimwa chaweza kuzibwa na jirani. Jengo moja refu likisimama kati ya bustani na mlima, kazi ya karne tatu imekwisha. Kwa ajili ya hatari hiyo, mwaka 2007 mji wa Kyoto ulipitisha kanuni mpya za ujenzi. Kimo cha majengo katikati ya mji, kilichokuwa kikiruhusiwa kufika mita 45, kikashushwa hadi mita 31, na maeneo kadhaa yakawekewa ulinzi maalumu ili mandhari yaonekanayo kutoka hapo, ukiwamo Mlima Hiei kutoka Entsu-ji, yasizibwe. Wenye viwanja walikuwa na haki zao, na ghorofa zilizopunguzwa zilikuwa na thamani ya fedha. Mji ukaamua kwamba mtazamo wa jirani nao ni haki yenye uzito. Kwetu, ambako mtu huamka asubuhi akakuta ukuta wa ghorofa mpya umemziba upepo na mwanga, uamuzi huo wastahili kufikiriwa. Anayejenga hajengi ndani ya kiwanja chake pekee, bali pia ndani ya macho na pumzi za wenziwe.

Ni nani waliozijenga bustani hizi? Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hupita bila ya kuambiwa. Katika karne ya 15, kazi nzito ya kuchimba, kubeba mawe na kupanda miti ilifanywa na watu walioitwa kawaramono, yaani watu wa kingo za mto. Walikuwa tabaka lililodharauliwa kwa sababu ya kazi kama za kuchinja na kutengeneza ngozi, wakakaa pembezoni mwa mto mahali pasipotakiwa na wengine. Miongoni mwao alitoka Zen'ami, ambaye ufundi wake ulimfikisha hadi kwa Ashikaga Yoshimasa, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi. Zen'ami alipougua, mtawala huyo alimpelekea dawa. Na huko Ryōan-ji, nyuma ya jiwe mojawapo, yamechongwa majina mawili ya watu wanaodhaniwa kuwa ni wa tabaka hilohilo. Wakuu waliketi barazani wakisifu, na majina ya waliotoka jasho yakabaki mgongoni mwa jiwe, upande ambao mkaa barazani hauoni. Kila mmoja wetu na aangalie nyumba yake: yupo nani ambaye kazi yake twaifurahia kila siku, na jina lake tumeliweka nyuma ya jiwe?

Kazi yenyewe haiishi. Changarawe hupigwa reki tena na tena, kwani mvua na upepo huvuruga mistari. Misonobari hukatwa na kupunguzwa kwa mkono, majani ya zamani yakichambuliwa tawi baada ya tawi, ili mwanga upenye na mti ubakie na umbo lake kwa miaka mingi. Katika bustani ya Kenroku-en, mjini Kanazawa, ambako theluji huanguka nzito na yenye majimaji, watunzaji huanza tarehe 1 Novemba kila mwaka kusimamisha milingoti mirefu kando ya misonobari na kufunga kamba kutoka kileleni hadi kwenye kila tawi kubwa, mamia ya kamba kwa mti mmoja, hata mti ukawa mfano wa mwavuli. Matawi husaidiwa hivyo yasivunjike kwa uzito. Wakati wa baridi ukiisha, kamba zote hufunguliwa, na mwaka ujao hufungwa upya.

Msonobari mashuhuri kuliko yote katika bustani hiyo ulioteshwa kutokana na mbegu iliyoletwa kutoka Karasaki, kando ya Ziwa Biwa, kwa amri ya Maeda Nariyasu, mtawala wa 13 wa ukoo ulioimiliki bustani. Mwenye kupanda mbegu ya msonobari hapandi kwa ajili ya kivuli chake mwenyewe. Nariyasu alifariki mwaka 1884. Bustani ilikuwa imeshafunguliwa kwa umma miaka kumi kabla, na wanaokaa chini ya mti ule leo ni wajukuu wa watu aliokuwa akiwatawala.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya wafalme na mahekalu, nasi nyumba zetu ni finyu. Wajapani wa mjini nao walikuwa hivyo. Nyumba za wafanyabiashara wa Kyoto zilikuwa nyembamba upande wa barabara na ndefu kwenda ndani, zikishikana na za jirani kuta kwa kuta. Katikati waliacha kiwanda kidogo cha wazi ili mwanga uteremke na hewa ipite, wakakifanya bustani na kukiita tsuboniwa. Tsubo ni kipimo chao cha eneo, kiasi cha mita 3.3 za mraba, yaani nafasi ya mikeka miwili. Humo huwekwa taa moja ya jiwe, birika moja la maji, mmea mmoja au miwili ipendayo kivuli, na nafasi iliyobaki huachwa itulie. Wasomaji waliokulia katika nyumba za kale za Lamu na Mombasa, zenye kiwanda cha ndani, wameshaelewa. Mama mwenye ubaraza mdogo au pembe ya ukuta inayopata jua la asubuhi ana nafasi ya kutosha, alimradi asiijaze.

Na hapo ndipo ugumu ulipo, katika kutokujaza. Mkono wetu umezoea kuongeza. Sebule ikiwa na nafasi, twatia kabati. Kabati likiwa na nafasi, twatia vikombe visivyonywewa. Arusi hupimwa kwa wingi wa mapambo, na picha zake zote huonyeshwa kabla bibi arusi hajafika kwake. Watoto wetu waona kila kitu kwa wakati mmoja kwenye kioo cha simu, na wasichokiona kwa haraka hukiacha. Jicho lililolishwa namna hii haliwi lenye kushiba, huwa lenye kuchoka.

Hapo Ryōan-ji, lipo birika la jiwe la kunawia, dogo, lililochongwa mfano wa sarafu ya kale yenye tundu la mraba katikati. Kulizunguka tundu zimechongwa alama nne za maandishi ya Kichina. Ukizisoma kama zilivyo, moja moja, hazileti maana. Lakini lile tundu la mraba, ambamo maji hukaa, lina umbo la alama ya neno kinywa. Likiunganishwa na kila moja ya zile nne, hutokea maneno manne kamili, ambayo maana yake ni kwamba msemaji ajua kutosheka tu. Wahenga wa pwani wana neno fupi la hali hiyo: kinaa. Fundi aliyelichonga alichukua umbo la fedha, kitu ambacho hakuna mwanadamu aliyekiri kukipata cha kutosha, akaliandika kinaa. Na maana ile haisomeki mpaka patiwe nafasi tupu ya katikati.

Juma hili basi, kabla ya kununua kitu kipya cha kupamba nyumba, ondoa kimoja. Mpe mwenye haja nacho. Kisha keti na wanao mahali palipobaki wazi, mtazame pamoja mwanga wa alasiri unavyopita hapo, na uwaulize wameona nini. Jiwe la kumi na tano hawataliona, nawe hutaliona, na hakuna ubaya.